Nati Iliyokazwa

Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, manyunyu yakianguka bila upepo, fundi mkuu alitia saini karatasi iliyosema kwamba alisahau kukaza nati ya kutolea mafuta. Hakuisoma mara ya pili. Aliweka kalamu juu ya meza ya gereji, akajifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote.

Injini ya gari la mbio ilikuwa imepasuka Jumamosi, katika mazoezi, kwenye kona ya mwisho. Chama cha mbio kilimtuma mkaguzi aandike sababu. Kosa likiwa la fundi, fundi angenyang'anywa cheti, na pamoja nacho kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mmoja. Likiwa la dereva, dereva angefungiwa msimu mzima, ilhali fainali ilibakiza siku tano tu.

Mwenye gari, ambaye gereji nzima ilimwita Tajiri, alikuwa akiikunja karatasi ile mlango ulipofunguliwa. Binti wa fundi mkuu aliingia amevaa ovaroli ya baba yake, mikono imekunjwa mara mbili. Alikuwa amejifunza kutaja sehemu za injini kabla ya kujua kusoma saa.

"Shikamoo, Mkaguzi. Injini imefunguliwa?"

"Marahaba. Hakuna haja. Fundi amekiri."

"Kanuni zenu zinasema mtu yeyote wa timu akidai, ifunguliwe mbele yenu. Mimi nadai."

Tajiri alicheka kidogo. "Binti, nenda nyumbani ukapumzike. Mambo yameshakwisha, wewe unayafukua."

"Hayajakwisha. Yamefukiwa tu."

Alimnyooshea baba yake mkono. Fundi mkuu alikuwa ameshika spana, lakini hakumpa.

"Mwanangu, acha. Mimi nimekwisha kula chumvi nyingi. Hata cheti chenyewe kimechakaa."

"Baba, spana."

"Nimesema acha."

Binti alichukua nyingine ukutani, akalala chali chini ya injini iliyoning'inia kwenye minyororo.

Alianza na nati. Ilikuwa mahali pake, imekazwa, na waya wa usalama umesokotwa kama fundi mkuu alivyousokota siku zote: kuelekea kushoto, ncha imekunjwa ndani ili isimkwaruze mtu.

"Nati iliyosahauliwa hujifunga waya yenyewe?" aliuliza kutoka kule chini.

"Na mafuta yaliyomwagika barabarani?" Tajiri alisema. "Nimeyaona kwa macho yangu."

"Umeyaona baada ya injini kutoboka ubavuni. Ndoo ikitobolewa ubavu, unamlaumu aliyefunga mfuniko?"

Alizitoa beringi zilizosalia, moja baada ya nyingine. Ziling'aa, zimelowa mafuta, wala hakuna hata moja iliyobadilika rangi kwa joto la kukosa mafuta. Mkaguzi aliipokea ya kwanza, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akafungua daftari lake.

Kisha binti akafungua sehemu ya juu. Valvu zilikuwa zimepinda. Juu ya kila pistoni iliyosalia palikuwa na alama kama ya ukucha uliobonyezwa kwenye sabuni.

"Valvu zimegonga pistoni," alisema. "Injini ilizungushwa kupita uwezo wake. Gari lilikuwa kwenye gia ya tano, kasi ya mwisho. Dereva alitaka ya nne, akaingiza ya pili."

"Haiwezekani," Tajiri alisema. "Kuna kidhibiti. Mzunguko ukizidi, kinakata petroli."

"Kinakata petroli, hakikati magurudumu. Magurudumu ndiyo yaliyoizungusha injini, na hakuna kifaa cha kuyazuia. Au ndiyo sababu kumbukumbu za kompyuta ya gari zimepotea tangu jana? Zimeliwa na panya?"

Tajiri aliacha kucheka. "Fainali ni Jumamosi. Dereva wa gari hili sitaki aguswe."

"Mimi nataka aguswe."

"Unajichimbia kaburi, wewe mtoto."

"Basi niletee koleo, nimalize haraka."

Fundi mkuu aliketi juu ya tairi. "Mkaguzi, saini ni yangu. Sikulazimishwa. Mtoe huyu mtoto nje."

"Baba, ni wewe uliyenifundisha kusoma chuma. Hiki hapa nimekisoma. Ukitaka kusema uongo, sema, lakini usitumie mikono yako kuusema. Mikono hiyo haijawahi kusahau nati."

Mkaguzi alivua miwani, akamtazama binti kwa muda.

"Unafahamu kwamba dereva atafungiwa msimu mzima? Huenda asipate timu nyingine tena."

"Nafahamu."

"Na fainali?"

"Nimesema nafahamu, Mkaguzi. Andika."

Mkaguzi aliandika.

Saa sita kasorobo manyunyu yalikatika. Mkaguzi aliidai karatasi ya kwanza kutoka kwa Tajiri, akaichana vipande vinne, akaitia muhuri ile aliyoiandika mwenyewe. Tajiri alitoka bila kuaga, simu sikioni, akimtafuta dereva wa akiba. Fundi mkuu alikichomoa cheti chake ndani ya bahasha, akakirudisha kwenye msumari wake ukutani. Binti aliosha mikono, akafungua kabati la dereva, akatoa leseni ya mbio yenye picha yake mwenyewe, akamkabidhi mkaguzi.