Mkwe wa Kiingereza

Wageni wa posa walikuwa wakimaliza pilau. Shangazi wa mchumba, mchuzi ukimchuruzika hadi kiwikoni, akamgeukia Mishi.

"Haya, bibiye, tusikie Kiingereza tulichosifiwa. Kitenzi cha kupika, nyakati zote."

Mishi akaanza na uliopo, akaingia uliopita. Shangazi akahesabu nyakati kwa vidole, akiramba mafuta ya kila kimoja. Mchumba akacheka, wali ukimtoka mdomoni.

"Nilikwambia, shangazi. Kasuku huyu."

Mishi akakikatiza kitenzi katikati.

"Malizia, mwanangu, posa isivunjike," mama yake akanong'ona.

"Bado ujao, na wa kuamuru," shangazi akasema. "Utamalizia huku ukitunawisha."

Mishi akainua birika na beseni, akatoka navyo uani. Nyuma yake wageni wakabaki wamenyoosha mikono iliyong'aa mafuta, wakingoja.