Chupa ya Jumanne

Watu walikuwa wanakufa katika mtaa mmoja, na maji ya mtaa huo yalikuwa safi.

Mpima maji alikuwa na hakika ya yote mawili. Maiti alisaidia kuwabeba. Maji aliyapima mwenyewe kila Jumanne, na fomu alizitia sahihi kwa mkono wake.

Mtaani walimwita Kidonge, kwa sababu ya kazi yake. Alimimina maji kwenye kijichupa cha kioo, akadumbukiza kidonge, akatikisa. Yakigeuka rangi ya waridi, basi dawa iliyotiwa mtamboni imefika mpaka bombani na vijidudu havina pa kukaa. Yakibaki vilevile, kuna balaa. Maji yaliyosalia aliyapeleka maabara, yakakaa kwenye joto siku nzima, ndipo wakahesabu vijidudu.

Mtaa ulikuwa na nyumba arobaini na kituo kimoja tu cha kupimia: bomba la uani kwa mama mkwe wake. Alilichagua mwenyewe miaka ya nyuma, alipochoka kukimbizwa na mbwa na kugonga mageti yasiyofunguliwa. Kwa mama mkwe hakuna aliyemfungia mlango.

Uani lakini hakuingia. Bomba liko mlangoni pa bafu, naye si mtu wa kumfumania mama mkwe na ndoo yake ya kuoga. Alikaa barazani, akatoa chupa ya maabara, na mama mkwe akaipokea kwa mikono miwili.

"Lete, baba. Nimeshanawa."

Alikwenda nyuma, akarudi na chupa imejaa, imefutwa kwa upindo wa nguo, haina hata tone kwa nje. Kidonge akapima. Waridi. Mama mkwe akatabasamu kama mtu aliyesifiwa mapishi.

Maabara nako, sifuri. Sifuri wiki ya kwanza, na mtoto wa fundi cherehani akazikwa. Sifuri wiki ya pili, wakazikwa wawili. Wote walikwenda kwa njia moja: asubuhi tumbo linafunguka, jioni macho yameingia ndani.

"Basi si maji," alisema bosi wake, akigonga fomu kwa kalamu. "Namba ziko safi. Unataka nini tena?"

"Chupa zaidi. Nipime nyumba zote."

"Hivyo vidonge vyenyewe tunavihesabu kama meno. Fuata fomu, bwana."

Kama si maji, basi ni kitu kingine. Watu wakatazama huku na huku, wakamwona muuza matunda wa pale kona. Barua ya kumfungia kibanda iliambatanishwa na namba za Kidonge, na sahihi yake chini. Baada ya siku mbili kibanda kikachomwa moto, na mwenyewe akahama na mkono uliovunjika. Vifo havikuhama naye.

Turubai la msiba likawa halikunjwi tena. Lilifunguliwa mlango huu, likafungwa mlango ule, na watu walewale wakaketi chini yake, kila mara wamepungua.

Kidonge alianza kusikia mabomba. Mchana kweupe, akipita mtaani, aliyasikia maji yakikimbia chini ya ardhi, yakinong'ona, kama watu wa chumba cha pili wanaomsengenya. Akisimama kusikiliza, yananyamaza. Alipima tangi. Alipima mtambo. Waridi, na waridi tena. Ikafika mahali akiletewa chai na mkewe anainua kikombe kwenye mwanga kwanza.

Aliyebaki kumtania ni shemeji yake peke yake, mdogo wa mkewe, aliyeishi na mama yao pale pale.

"Shemeji, siku hizi unapima maji, au unatupima sisi urefu?"

"Acha hizo."

"Basi niambie. Tunywe, tusinywe?"

"Kunyweni. Nimeyapima mwenyewe."

"Haya. Ukinidanganya nitakufuata mpaka ofisini kwenu na sanda yangu, nikudai kiti." Akacheka mpaka akashika mlango.

Jumatano ya wiki ya kumi na mbili shemeji aliamka anatapika. Alhamisi wakamzika.

Ijumaa Kidonge hakwenda kazini. Kila penye maji yanayotiririka alikisikia kile kicheko. Alichukua chupa moja na boksi la vidonge, akaenda kwa mama mkwe mapema, kabla waombolezaji hawajajaa. Alimkuta ameketi mkekani, mgongo ukutani, sauti imemkauka kwa kulia. Alipomwona mkwewe alijifunika vizuri, akataka kuinuka.

"Kaa, mama, nakuomba. Nataka maji ya bomba tu. Nipime mara moja tena."

Mama mkwe aliitazama ile chupa, akaona haya, kama mtu aliyefikiwa na mgeni jikoni hakuna kitu.

"Mbona hukusema unakuja, baba? Leo si Jumanne. Vile vitone vya kusafishia maji tulivyopewa zahanati nimekubakizia wewe tu, na maji yako bado sijayatia dawa."

Jumanne kumi na mbili. Chupa kumi na mbili, zote safi. Kibanda kimoja, mkono mmoja. Makaburi kumi na tisa: ya watoto kumi na moja, ya wakubwa manane, na moja katika hayo udongo wake ulikuwa bado haujakauka.