Mvua Iliyochagua Magari

Afande Gaster alipitisha kidole juu ya boneti ya gari lake, akakilamba, akafumba macho kama anayeonja mchuzi nyumbani kwa wakwe. Ladha ile aliijua. Ilimcheza ulimini, lakini jina lake halikuja, akatema mate kwa hasira.

"Hii si tope," aliwatangazia majirani. "Tope najua. Nimelala ndani yake miaka mingi kwa kazi ya serikali."

Mvua ilikuwa imenyesha mtaani Mpumudde usiku, na kulipokucha magari yote ya mtaa yalikutwa yamejaa madoa ya kahawia, mazito, yenye chembechembe. Pikapu ya Mansukh mwenye duka ilifanana na chui. Lakini aliyeumia kuliko wote ni Gaster. Jumamosi iliyofuata, gari lake hilo, Corona nyeupe, ndilo lingempeleka binti yake Phanice Mbale akaolewe, na yeye, polisi mstaafu mwenye mdomo usiostaafu, alikuwa ameshawaambia wakwe kwamba watajitazama kwenye milango yake wakichana nywele.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Mansukh, ambaye dukani alikuwa na maturubai yasiyouzika, alisema ni majivu ya miwa inayochomwa mashambani, na yataanguka msimu mzima. "Bwana afande, funika gari," alishauri. Night, jirani ambaye mumewe mwanajeshi alikuwa Kongo, alisema ni volkano ya huko.

"Lakini mashuka yangu ililala nje," Night akaongeza, akionyesha kamba. "Mbona iko safi?"

"Hii mvua inafuata chuma," Gaster akajibu papo hapo. Enzi zake alikuwa mpelelezi, na hakuwahi kushindwa na swali.

Kuku wa Night wakaja mbio, wakaanza kudonoa magurudumu kwa furaha.

"Fukuza hao, watakufa na sumu," Gaster akaonya.

Walifukuzwa, wakarudi na wenzao.

Docus, mke wa Gaster, akatoka na kikombe cha uji. Gaster alipiga funda moja akakunja uso. Uji ulikuwa maji matupu.

"Mama Phanice, ule unga wote wa ulezi umeenda wapi?"

"Harusi iko na wageni, Baba Phanice." Docus akalitazama gari kwa huruma. "Mimi naogopa kitu moja tu. Kama hii mvua inakula rangi?"

Gaster akanyakua kitambaa akafuta. Chini ya uchafu, kutoka mlango wa nyuma hadi taa, rangi ilikuwa imechubuka mstari mrefu. Jana yake gari lilikuwa zima. Alikuwa ameliacha nyumbani makusudi, akaenda mazishini Wanyange kwa bodaboda, lisije likaguswa hata na vumbi la barabara.

"Inakula rangi," alisema kwa sauti ndogo, na moyo ukamuuma kwelikweli.

Majirani wakakimbilia magari yao wakafuta. Hayakuwa na hata mkwaruzo.

"Yangu ni nyeupe," Gaster akaeleza. "Nyeupe ni laini." Alipoona nguzo ya lango lake imemeguka pembeni, alipata uhakika: mvua hii inatafuna hata saruji. Akaingia ndani ya gari kutazama kama limevuja, magoti yakagonga usukani. Akakisukuma kiti nyuma, akailaumu mvua kwa hilo pia.

Siku zilizofuata huzuni yake iligeuka sherehe. Alikuwa na kesi tena. Kila mgeni alipelekwa kuona jeraha, na kila alipolisimulia lilizidi kuwa refu. Habari ikafika Mbale. Nabifo, mama wa bwana harusi, akapiga simu kusihi gari lisipakwe rangi, kwa sababu ukoo mzima ulitaka kulishika kwa mikono.

"Siku za mwizi ni arobaini," Gaster alimwambia mkewe mezani. "Huyo anatuma hii mvua, nitamshika."

Docus akamwongezea nyama.

Ijumaa Gaster alipanda paa la jiko kutafuta ushahidi uliobaki, akateleza. Asubuhi ya harusi mguu wake ulikuwa umevimba hata kiatu kikakataa kuingia. Dereva waliyemkodi badala yake alikuwa amezima simu. Mansukh alikuwa ameshatangulia na pikapu iliyojaa majirani. Phanice alikaa kiti cha nyuma, gauni limefika hadi dirishani, machozi yakiharibu poda, na Nabifo alikuwa akipiga simu kutoka Mbale kuuliza wamefika wapi, mchungaji ameshavaa joho.

Gaster, aliyepakiwa mbele upande wa abiria na mguu wake, aliona aibu iliyokuwa ikimsubiri huko, naye akatamani kulia.

"Hapa nyumbani hakuna mwingine wa kuendesha," alimwambia Phanice. "Mama yako aliniomba nimfundishe. Mimi nikamwambia usukani si mwiko wa ugali."

Kwa mara ya kwanza neno lile halikumchekesha.

Docus akakaza mshipi wa gomesi, gauni lake la sherehe, akauchukua ufunguo mkononi mwa mumewe, akaingia upande wa usukani. Mkono wake ulishuka chini ya kiti bila kupapasa. Kiti kikateleza mbele, kikatulia palepale kilipokutwa asubuhi ile ya mvua. Akatazama kioo, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea langoni.

Gaster akafumba macho, na ile ladha ya boneti ikamrudia ulimini, sasa na jina lake: ulezi.

"Usiogope, Baba Phanice," Docus alisema. "Mimi na hii nguzo sasa tunajuana."