Limau la Shamte

Mwanahija alichemsha maganda ya nanasi pamoja na mdalasini, akaichuja chai, akammiminia wifi yake Zamda. Zamda alikuja kumhamisha. Nyumba ilikuwa kubwa mno kwa mjane mmoja, na begi la Mwanahija lilishafungwa, likaegemezwa ukutani.

Zamda akaonja. "Wifi, limau limezidi."

"Sijatia limau."

Mwanahija akaonja mwenyewe, uchachu ukampanda mpaka masikioni. Tangu wamzike mumewe Shamte, limau halijaingia nyumba ile. Ndiye aliyekuwa na mchezo huo: mkewe akiipa chai kisogo tu, anamkamulia limau kikombeni, kisha anakaa kimya kama si yeye.

Akamwaga yote, akaosha birika, akachemsha upya. Safari hii hakubandua macho kwenye vikombe. Chai ikawa tamu, nanasi tupu.

"Umeona? Lilikuwa birika tu," Zamda alisema, akijikaza. "Kunywa, twende zetu."

Mwanahija akajaza kikombe kingine, akakiweka mbele ya kiti kitupu. Kisha akageuka taratibu, akaelekea ukuta, kama alivyokuwa akigeuka zamani huku akijua fika kinachofanyika nyuma yake.

Zamda alikuwa akieleza habari za gari watakalopanda. Akakatiza katikati ya neno. Harufu ya limau lililokatwa sasa hivi ikajaa chumbani.

"Wifi," Zamda akanong'ona, "usigeuke."

Mwanahija hakugeuka. Alichuchumaa pale pale ukutani, akafungua begi, akaanza kuzitoa nguo zake.