Shikamoo ya Seli

Siku hizi shikamoo haifuati mwaka wa kuzaliwa, inafuata umri wa seli. Watu wakikutana, bangili ya mwenye seli changa huwaka mpaka aamkie.

Bi Mwanakombo alinunua dawa mbili za kuzuia uzee. Yake iliingia ndani ikazifanya seli upya. Ya bintiye Saumu ilikuwa krimu ya kulainisha ngozi kwa juu tu. "Zote kazi moja, mwanangu," alimwambia, na Saumu akawa anapaka kila asubuhi. Nyumbani mama alikuwa akiivua bangili yake, eti inambana. Mbele ya wageni, kuivua ni kukosa adabu.

Siku wakwe walipokuja kuposa, Saumu alitoka na sinia la kahawa, uso laini, unang'aa. Bangili ya mama yake ikawaka.

Saumu aliitazama ile taa, akautazama uso wa mama yake, akaelewa. Haraka akamfunika mkono kwa mtandio wake, lakini mwanga ukapenya kitambaa.

"Shikamoo," Bi Mwanakombo alisema, macho kwenye mkeka.

"Marahaba," Saumu alijibu, kisha akasita, hajui amwite nani.