Dang'a

Maziwa ya kwanza ya mzazi, yale mazito ya manjano, ni mali ya Wakfu. Watafiti wake huyatumia kutengeneza kinga ya saratani, na sheria inakataza mtoto kuyaonja.

Wauguzi wa Wakfu walipoingia chumbani kwangu na pampu, mwanangu alikuwa ameshafika kifuani. Mmoja akambandua. Nikamng'ata mkono mpaka meno yakagota kwenye mfupa. Mwenzake akanizaba kofi, nikaanguka kitandani na damu ya mtu mdomoni.

Aliyenibana mabega ni mama mkwe wangu, Bi Rukaya.

"Tulia, mwanangu," alisema, goti lake likikandamiza mkono wangu. "Hata mumeo hakuonja."

Pampu ilipojaa aliniachia, akaenda jikoni kuchukua kikombe cha kupokelea mgawo wake.