Suti ya Harusi Yake

Aliingia na kitambaa cha suti, akakiweka juu ya cherehani yangu.

"Ya harusi," alisema, bila kunitazama. "Vipimo vyangu si unavyo kichwani?"

Shangazi, mwenye duka, aliacha kupiga pasi. "Kumbe njia ya hapa bado unaijua, kijana!"

"Shangazi, yaishe," nilisema.

Ni kweli nilikuwa navyo. Kifua, kiuno, mkono wa kushoto uliozidi wa kulia kidogo. Mashati yake yote nilimshonea bila kumpima, naye akijisifu kwa rafiki zake kwamba mpenzi wake anamjua kwa macho tu. Halafu akaacha kuja.

Miguu yangu ilitamani kukimbilia nyuma ya pazia. Nikaivua tepu shingoni.

"Wateja wote nawapima," nilimwambia. "Simama wima."

Akacheka, akidhani ni utani. Alipoona sicheki, akanyoosha mikono. Nikamzungushia tepu kifuani, nikasoma namba kwa sauti hadi Shangazi akasikia. Vidole vyangu vilitulia kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa amebana pumzi.

"Pumua, kaka," nilisema. "Usipopumua, koti litakubana."